Dawa usiziache mlangoni mwa nyumba ya ibada

Msomaji wangu, fikiria kijana wa nyumbani kwako ameanza kuongea peke yake. Halali usiku. Anasema jirani anamsoma mawazo na redio inamtaja jina. Saa nane za usiku anafungua mlango anataka kuondoka bila viatu. Utampigia nani simu?

Wengi wenu hamtanipigia mimi. Mtampigia mchungaji, katekista, ustadhi wa madrasa, au yule mama wa jumuiya anayesifika kwa maombi. Sisemi hili kwa lawama. Kiongozi wa dini anaishi mtaa uleule, anamjua kijana tangu akiwa mdogo, anakuja usiku bila kudai kadi ya bima. Zaidi ya yote, kumwita yeye hakuiachii familia jina baya. Kumpeleka mtoto kliniki ya magonjwa ya akili kunaacha maneno mtaani, na kila mzazi mwenye binti au kijana wa kuoa analijua hilo.

Upande wetu, madaktari bingwa wa afya ya akili nchini ni wachache mno na wengi wako mijini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 24 duniani wana skizofrenia, ugonjwa unaoleta sauti na mawazo ya kufuatiliwa kama ya kijana wetu. Hiyo ni karibu mtu 1 kati ya kila 300. Kwenye kata yenye watu 15,000 ni kama wagonjwa 50, na kata hiyo huenda haina hata muuguzi mmoja aliyesomea fani hii. Makanisa na misikiti inayo, tena mingi.

Kwa hiyo swali la kama viongozi wa dini washiriki kuhudumia wagonjwa wa akili limepitwa na wakati. Wanawahudumia tayari, na kwa kawaida wao ndio wa kwanza. Ninalotaka tulizungumze leo ni kinachotokea kwa dawa za mgonjwa akishafika kwao, kwa sababu hapo ndipo ninapopoteza wagonjwa.

Si maadui tangu zamani

Kuna wanaodhani dini na tiba ya akili ni vitu viwili visivyokaa meza moja. Historia yetu wenyewe inakataa. Juu ya milima ya Usambara, wilayani Korogwe, ipo Hospitali ya Lutindi. Ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 kuwa makazi ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hospitali ya Mirembe pale Dodoma ilikuja baadaye, mwaka 1927. Lutindi hadi leo iko chini ya Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Wagonjwa wanapata dawa, wanafanya kazi shambani na kwenye karakana, na ibada ipo. Hakuna anayeulizwa achague kimoja.

Kwa ndugu zetu Waislamu historia ni ndefu zaidi. Hospitali iliyojengwa Cairo na Sultani Qalawun mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Karne tatu na zaidi kabla ya hapo mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Ndani yake alieleza hofu, hasira, huzuni na waswasi, na akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama msiba, na ile inayomshika mtu bila sababu yoyote anayoweza kuitaja. Hiyo ya pili tunaitibu leo kwa jina la sonona.

Ghana walipima

Mwaka 2018 madaktari wa Ghana na wenzao wa nje walichapisha utafiti uliofanyika ndani ya kambi moja ya maombi nchini humo. Kambi za namna hiyo ni nyingi kule, na baadhi ya wagonjwa hufungwa minyororo. Watafiti hawakuja kuifunga kambi. Waliwagawa wagonjwa 139 kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Wote waliendelea na maombi kama kawaida, ila kundi moja liliongezewa dawa za hospitali. Baada ya wiki 6, waliopata maombi pamoja na dawa walikuwa na dalili chache kuliko waliopata maombi peke yake.

Kuna jambo katika utafiti huo ambalo wataalamu wenzangu hupenda kuliruka. Siku za kukaa kwenye minyororo hazikupungua. Kidonge kilituliza sauti kichwani, lakini mnyororo ulibaki pale pale mguuni. Mnyororo hufunguliwa na mwenye ufunguo, yaani kiongozi wa kambi, na huyo hashawishiwi na daktari anayefika na boksi la dawa na kuondoka.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2020, jarida la Lancet lilichapisha utafiti mwingine uliofanyika Ghana na Nigeria. Huu ulikwenda mbali zaidi. Wahudumu wa vituo vya afya vya kawaida walifundishwa kufanya kazi pamoja na waganga wa jadi na viongozi wa maombi. Walikuwa wanawatembelea wagonjwa kule kule walikolazwa, wanatoa dawa, na wanazungumza na mwenye kituo kuhusu kumtunza mgonjwa bila kumwumiza. Wagonjwa walikuwa 307. Wote walianza wakiwa na hali mbaya, wastani wa zaidi ya alama 100 kwenye kipimo ambacho alama ndogo ndiyo nafuu. Baada ya miezi 6, waliohudumiwa kwa ushirikiano walishuka hadi takribani 53, wengine wakabaki takribani 68. Kwa familia, tofauti hiyo inaweza kuwa kati ya mtu anayeweza kutumwa dukani na mtu asiyeweza kuachwa peke yake. Safari hii vitendo vya kuumiza wagonjwa vilipungua pia, katika makundi yote mawili.

Sijui kwa nini sisi tungeshindwa. Muuguzi wa zahanati na mchungaji wa mtaa huo huo wanakutana kila Jumapili.

Ushuhuda na mwezi wa tatu

Sasa naomba usome kwa makini, maana hapa ndipo familia nyingi hunaswa bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Dawa za skizofrenia na za ugonjwa wa hisia mseto hazifanani na dawa ya kichwa. Ukiziacha leo, kesho huumwi. Dawa bado imo mwilini, na hata ikiisha, dalili zinaweza kukaa wiki kadhaa au miezi kabla ya kurudi. Kwa anayechomwa sindano ya kila mwezi, muda huo ni mrefu zaidi.

Mgonjwa anatumia dawa miezi minne, anapata nafuu. Anapelekwa kwenye maombi, anaambiwa ameshafunguliwa, na kuendelea kumeza vidonge ni kukosa imani. Anavitupa. Wiki inayofuata anasimama mbele ya waumini kutoa ushuhuda, na kweli yuko vizuri, anaongea kwa mpangilio, mama yake analia kwa furaha. Mwezi wa pili bado yuko vizuri. Mwezi wa tatu usingizi unapungua, anaanza kukwepa watu, halafu sauti zinarudi. Siku anapoletwa hospitalini akiwa amefungwa kamba za mikono, hakuna anayesimama kanisani kutoa ushuhuda wa pili.

Simwiti kiongozi huyo tapeli. Aliona kwa macho yake mtu mzima, na hakuwepo ugonjwa uliporudi, kwa sababu familia inaona aibu kurudi kwake na habari hiyo. Wengine huambiwa imani yao ilikuwa ndogo, wakanyamaza kabisa. Lakini mimi ninamwona mgonjwa huyo mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kila ugonjwa ukirudi, safari ya kupona huwa ndefu kuliko iliyopita. Kijana aliyeugua akiwa mwaka wa pili chuoni angeweza kurudi darasani. Akirudiwa mara tatu, chuo kimekwisha na uchumba umevunjika.

Kwenye kifafa hatari ni ya haraka. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si wa akili, ila kwa kuwa hupelekwa kwenye maombi kuliko ugonjwa mwingine wowote, acha niutaje. Mtu akikatisha dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokatika ndani ya siku chache, na hilo linaua. Hao pia ndio wanaoangukia kwenye jiko na kwenye mto. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa wa kifafa hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi.

Jambo jingine linalowafanya watu waamini kuna vita ya kiroho ni madhara ya dawa zenyewe. Baadhi ya dawa tunazotumia, hasa za zamani kama haloperido, zinaweza kukaza misuli katika siku za mwanzo: shingo inapinda upande, macho yanageukia juu, ulimi unakuwa mzito. Inatisha. Familia inasema pepo anapigana na dawa. Hapana. Ni misuli, na ipo dawa ya kuilegeza, mara nyingi ndani ya saa moja. Mrudishe hospitalini usiku huo huo. Nitaongeza kwamba lawama hii ni yetu pia. Mtoa dawa anayempa mtu vidonge hivyo bila kumweleza haya amemtupa yeye mwenyewe kwenye mikono ya watoa mapepo.

Mkesha, funga na waswasi

Wachungaji, mashekhe na mapadri wanaosoma safu hii, hapa nina mambo ambayo hamtayasikia kwenye semina.

Mgonjwa wa hisia mseto ana vipindi vya kushuka moyo na vipindi vya kupanda mno: halali, anaongea kwa kasi, anagawa mali, anasema ametumwa na Mungu kuongoza taifa. Kukosa usingizi ni moja ya vitu vinavyowasha kipindi hicho cha kupanda. Mkesha mmoja unaweza kutosha. Mikesha mitatu mfululizo pamoja na kufunga kwa siku 21 ni kumtafutia matatizo. Mtu kama huyo mpangie maombi ya mchana, arudi nyumbani akalale. Na akianza kutoa unabii saa kumi za alfajiri kwa nguvu asizokuwa nazo wiki iliyopita, usimpe kipaza sauti kwanza. Uliza mara ya mwisho alilala lini.

Wakati wa Ramadhani, au funga ya Kikristo isiyo na maji, wapo wanaotumia dawa iitwayo lithiamu. Mwili ukikosa maji, dawa hiyo hujikusanya kwenye damu na kuwa sumu: mikono inatetemeka, tumbo linaharisha, mtu anayumba. Asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake. Dawa nyingine nyingi zinaweza kupangwa zinywewe baada ya futari au wakati wa daku, kwa hiyo si lazima mtu akose funga yake, muhimu ni kuuliza mapema. Na ruhusa ya mgonjwa kutofunga mashekhe wanaijua kuliko mimi. Mgonjwa huisikia vizuri zaidi ikitoka kwao.

Kuna muumini anayetawadha kwa saa nzima. Ananawa mkono, ana shaka, ananawa tena, swala inampita. Upande wa pili kuna anayeungama dhambi ile ile kila siku na bado hana amani. Mara nyingi huo ni ugonjwa, na unatibika. Sehemu kubwa ya tiba yake ni kumzoesha mtu kuvumilia ile shaka bila kurudia kitendo. Sheikh anayemwambia muumini wake kwamba umeshatawadha, shaka hiyo ipuuze, nenda ukaswali, anafanya kazi ile ile ninayoifanya mimi, kwa mamlaka ambayo mimi sina. Kosa ni kumwambia aongeze dhikri au maombi ya kujitakasa. Hapo unaulisha ugonjwa.

Usiombe kwanza, kimbia kwanza

Zipo hali chache ambazo saa moja ya maombi ni saa moja nyingi mno. Mtu aliyekuwa mzima juzi, leo anaweweseka na ana homa: inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Mgonjwa wa kisukari aliyebadilika ghafla, anatoka jasho na kuongea ovyo: sukari inaweza kuwa imeshuka. Mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni, aliyepata degedege: hicho ni kifafa cha mimba, shinikizo la damu limepanda, na mama na mtoto wanaweza kufa kabla ibada haijaisha. Ombeni ndani ya gari.

Kuhusu kufunga watu kamba, kuwachapa ili pepo atoke, au kuwanyima chakula kwa jina la funga, sina maelezo marefu. Ni ukatili, na nchi inayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inayoeleza namna mgonjwa anavyopaswa kupelekwa kwenye huduma. Ndugu wakikuambia hawana namna nyingine ya kumzuia, hiyo yenyewe ni dalili kwamba mgonjwa amevuka uwezo wa nyumbani na wa kambi.

Kile ambacho sina

Kliniki inanipa dakika kumi na tano na mgonjwa, siku nyingine pungufu. Namwandikia dawa, namwambia arudi baada ya mwezi. Katika mwezi huo mzima nani anamwona? Nani anajua kama amekosa nauli? Jumuiya ndogo ndogo, kikundi cha kina mama wa WAWATA, wanawake wa msikitini, hao wanapita nyumbani kila wiki. Wanaweza kuhesabu vidonge vilivyobaki bila kumdhalilisha mtu. Wanaweza kukaa na mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita ambaye halali hata mtoto akilala, hali, na anasema mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye. Maneno hayo si uchovu wa uzazi. Mama huyo aletwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto.

Wanaweza pia kumpa mgonjwa aliyepata nafuu kazi: kupanga viti, kuimba kwaya, kufagia uwanja wa msikiti. Nimeona wagonjwa waliosimama kwa ajili ya kwaya kuliko kwa ajili ya ushauri wangu wowote. Nabii Eliya alipokata tamaa kiasi cha kuomba afe, Biblia inasimulia kwamba kwanza aliachwa alale, akaletewa mkate na maji, akalala tena. Maneno yalikuja baadaye. Mhubiri anayemkuta mtu wa sonona angeanza hapo.

Na utani wa mimbarini kuhusu vichaa uachwe. Kati ya waumini 200 wanaocheka, wapo wawili au watatu waliomeza vidonge asubuhi hiyo.

Jambo la mwisho ni gumu. Zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua duniani kila mwaka. Kwa sheria ya Tanzania Bara kujaribu kujiua bado kumeandikwa kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Ukiongeza hofu ya polisi juu ya hofu ya kuhukumiwa na waumini, mtu anabaki na siri yake. Kiongozi wa dini ndiye mara nyingi anayeisikia siri hiyo, akiwa ofisini au kwenye maungamo. Tafadhali uliza waziwazi: unafikiria kujiua? Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Humpa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, usimjibu kwa kumweleza adhabu ya dhambi hiyo. Kaa naye, hakikisha sumu za shambani na dawa za nyumbani zimefungiwa mbali, mwombe ruhusa umwambie ndugu mmoja anayemwamini, na mfike hospitali pamoja. Siri ya maungamo ina taratibu zake na sitaziingilia, lakini hakuna utaratibu unaomkataza padri kumsindikiza mtu hadi mapokezi.

Kama una mgonjwa nyumbani na familia imekusudia kumpeleka kwenye maombezi au kisomo, mpelekeni, sitawagombeza. Chukueni na vidonge vyake kwenye mfuko, vinywewe kwa saa zake hata mkiwa kambini, na tarehe ya kliniki ibaki ile ile. Mwambieni kiongozi tangu siku ya kwanza kwamba yuko kwenye dawa, na mwulizeni msimamo wake. Akiwaambia aziache, tafuteni mwingine. Wapo wengi wanaoomba vizuri bila kugusa vidonge vya mtu. Na akikubali, mwombeni namba yake ya simu mniletee. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina siku maalumu ya kliniki ya afya ya akili, ulizieni mapokezi. Siku hiyo njooni naye. Kama kuna jambo lenye utata, la mkesha, la funga, la ndoto anazoota mgonjwa, tutalizungumza sote tukiwa tumekaa, mgonjwa mwenyewe akisikia.